Nimekabidhiwa ufunguo wa sanduku la kikoba, na dawa zangu bado nameza

Jumapili iliyopita kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, hapa Pasua, Moshi, kilifanya uchaguzi na nimechaguliwa kuwa mshika ufunguo. Wengi mnaonisoma mna biashara na mko kwenye vikoba, kwa hiyo mnaelewa uzito wake: sanduku lina kufuli tatu, kila ufunguo na mtu wake, na halifunguliwi mpaka wote watatu mfike mbele ya wanachama. Nimefurahi kupita kiasi na sifichi.

Kwenye kikoba cha zamani niliambiwa, "Dada, wewe baki mwanachama wa kawaida, uongozi una presha, yale mambo yatakurudia." Yale mambo! Hisa zangu walizipokea kila wiki bila swali lolote. Hilo linaniuma mpaka leo.

Yale mambo ni haya. Nilikuwa nauza mitumba soko la Memorial. Zikapita siku silali, naongea mfululizo, na asubuhi moja nikafungua belo la magauni nikaanza kuwagawia wapita njia. "Chukueni, mimi napata maduka Dar." Watu walichukua, wengine wakarudi mara ya pili wakiwa na mifuko. Jirani zangu wa kibanda wakanifunga mikono kwa kamba ya belo. Baba mdogo akasema nimerogwa kwa ajili ya kihamba, yaani shamba la ukoo, mwingine akaniitia maombi. Mama peke yake ndiye aliyesema, "Mwanangu anaumwa," akanipeleka hospitali ya Mawenzi. Daktari akauita ugonjwa huo baipola: hisia zinapanda mno, baadaye zinashuka mpaka mtu anashindwa kuoga. Kupona kulichukua muda, sitawachosha.

Sasa wewe unayetaka kusimama tena, kliniki usiikose. Ukijisikia mzima usijiachishe dawa, maana huo uzima mara nyingi ni kazi ya dawa yenyewe. Zikikulevya au zikikunenepesha, mwambie daktari abadilishe. Halafu chagua watu wachache uwaambie ukweli kabla umbea haujawafikia. Mimi niliwaambia kikundi kipya siku najiunga, nikawapa na namba ya mama. Ila kliniki usiikose, narudia.

Na ninyi ndugu na majirani, acheni kumwita mtu chizi. Acheni kusema "katoroka Mirembe". Mirembe ni hospitali, iko Dodoma, watu wanatibiwa kule na kurudi nyumbani kwao kulea watoto. Nchi hii ina Sheria ya Afya ya Akili tangu 2008, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inakataza ubaguzi. Kila tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, tunavaa fulana na kupiga picha, kesho yake mtu ananyimwa chumba cha kupanga kwa sababu mwenye nyumba kaona kadi yake ya kliniki. Mungu anatuona.

Viongozi wa vikoba, mkitaka kumpima mtu fungueni daftari: hisa kanunua, mkopo karejesha kwa wakati, basi, anafaa. Na mkiona mwenzenu halali na maneno hayamwishi, mpigieni ndugu yake, mpelekeni hospitali bila kamba, na nafasi yake muitunze mpaka arudi.