Muuguzi amehamishwa, na makubaliano yetu je?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ya hiari hapa Wete. Tulinunua mashine za kupimia presha na sukari, tukazipeleka kituo cha afya cha shehia yetu, na kila Jumamosi tukiwapeleka wazee kupimwa. Muuguzi tuliyeelewana naye amehamishwa. Aliyekuja anasema hana habari na mpango huo, na vijiti vya kupimia sukari vimekwisha. Je, tuzichukue mashine zetu?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu katibu. Mashine ziacheni pale pale. Muuguzi mpya hana kosa, kwani katika alivyokabidhiwa hamna karatasi hata moja inayoitaja jumuiya yenu. Mfahamisheni sheha, kisha iandikieni ofisi ya afya ya wilaya, nakala kwa Afisa Mdhamini, yaani msimamizi wa Wizara ya Afya huko Pemba, muombe hati ya makubaliano itakayotaja vyeo badala ya majina ya watu. Ambatanisheni na cheti cha usajili wa jumuiya.

Msiipoteze hati hiyo kwa kurasa za kusifiana. Ushirikiano wa aina hii huvunjika kwenye matumizi ya kila mwezi: mashine hununuliwa mara moja, tena mfadhili hupenda kupigwa picha nayo, lakini vijiti havina wa kuvipigia picha. Andikeni nani atavinunua, mashine ni mali ya nani na ikiharibika nani ataitengeneza, na kama Jumamosi hiyo ni zamu rasmi ya muuguzi au ni hisani yake. Zito kuliko yote ni hili: mzee akikutwa sukari iko juu, atapelekwa wapi, na dawa atazipata kwa nani? Kama hamna jibu, mtakuwa mnampa hofu tu. Daftari la vipimo, nalo, libaki kituoni. Si la kusomwa kwenye mikutano ya jumuiya.

Mkitaka Serikali ibebe gharama ya vijiti, ombeni mapema. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na Baraza la Wawakilishi huwa limeshajadili bajeti kabla ya hapo, hivyo ombi linalofika Juni limechelewa.

Tazameni pia mpango wa Jamii ni Afya, ambamo wahudumu wa kujitolea zaidi ya 2,000 huzitembelea kaya za Unguja na Pemba wakiwa na simu, hasa kwa ajili ya mama na watoto. Shirika la D-tree lilisaidia kuujenga, lakini mpango ni wa Wizara, na naamini ndiyo sababu ulienea visiwa vyote viwili. Muulizeni mhudumu wa shehia yenu. Huenda wazee wasioweza kutembea anawajua kuliko nyinyi.

Wakati barua ikisubiri majibu, muombeni muuguzi aendelee na kipimo cha presha, ambacho hakihitaji vijiti.