Kabla Hujampa Fundi Saa ya Babu

Juzi msomaji mmoja wa Likoni, hapa Mombasa, ameniandikia. Ana saa ya kutia ufunguo, ile ya kuweka juu ya kabati, aliyoiacha marehemu babu yake. Fundi amemwambia ataipiga msasa na vanishi iwe kama mpya, naye anataka kujua kama bei aliyotajiwa ni ya haki. Dada yangu, mpigie simu fundi huyo sasa hivi, mwambie asiiguse.

Saa yetu ilikaa sebuleni Kibokoni tangu sijazaliwa. Babu aliitegesha kwa majira yetu ya Kiswahili: jua likichomoza, akrabu zasoma kumi na mbili. Kila Ijumaa akitoka msikitini aliitia ufunguo, mizunguko saba tundu la kulia, saba la kushoto, nasi wajukuu tumekaa mkekani tukimhesabia. Alipofariki ikanyamaza. Akina ami hawakupatana nani aichukue, ikaishia darini ndani ya gunia. Mimi ndiye niliyeishusha, na hilo najivunia.

Lakini kwa haraka zangu nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Ndani ya kimlango cha nyuma, babu alikuwa akiandika kwa kalamu ya risasi, kwa herufi za Kiarabu, kila alipoitia mafuta: mwezi, mwaka, na neno moja tu, "imetiwa". Mistari kumi na kitu, mwandiko ukizidi kutetemeka kadiri unavyoshuka chini. Nilipoifuata baada ya wiki mbili, kimlango kinang'aa vanishi nje na ndani. Hakuna hata herufi moja. Fundi alidhani amenifanyia ihsani. Nikamlipa, nikapanda tuktuk, nikalia hadi nyumbani. Sikuwa nimepiga picha hata moja. Na saa yenyewe ilitembea siku mbili ikasimama.

Kwa hiyo la kwanza ni picha. Piga picha nje, ndani, chini, nyuma ya kimlango, kila karatasi iliyobandikwa, kila mkwaruzo.

La pili, ijue saa yako kabla hujairekebisha. Kwetu tuliambiwa siku zote ni saa ya Mwingereza. Nikamulika tochi kwenye bamba la shaba nyuma ya mitambo, nikaona nyota ya ncha nane yenye herufi J katikati. Hiyo ni alama ya Junghans, kiwanda cha mji wa Schramberg, Ujerumani, kilichoanza 1861. Pembeni pamegongwa B 11, yaani nusu ya pili ya mwaka 1911. Nusu ya kwanza ingekuwa A. Chini yake maneno ya Kiingereza kwamba imetengenezwa Ujerumani. Sheria ya Uingereza ya 1887 ndiyo iliyovifanya viwanda vya Ujerumani viandike hivyo, na wazee wetu walipoona Kiingereza wakasema Mwingereza. Ukikuta mishale miwili iliyopishana, hiyo ni kampuni nyingine ya mji huohuo. Matundu mawili ya ufunguo maana yake moja la mwendo, moja la kengele. Yakiwa matatu, saa hupiga hata robo.

Fundi wa pili ni mzee wa Bondeni. Nilikaa naye alasiri tatu. Kabla ya kugusa skrubu yoyote alizilegeza kamani, zile springi zinazoiendesha saa, kidogo kidogo, kwa sababu kamani iliyojaa ikifyatuka hukata vidole. Mafuta ya zamani yalikuwa yameganda kama gundi, na hewa yetu ya chumvi imeifanya shaba kijani. Alisafisha, akaviziba na kuvitoboa upya vitundu vilivyolika, vile zinamozunguka ncha za magurudumu, akatia mafuta kwa ncha ya sindano, tone moja kwa kila kitundu, kwenye meno ya magurudumu hakutia kitu. Mbao zilizobanduka alizirudisha kwa gundi ya ngozi, kwa kuwa hiyo yaweza kufunguliwa tena siku nyingine. Msasa hakuushika. Nyumbani nikaiwekea kipande cha boksi chini ya mguu wa kushoto mpaka tik na tak zikalingana.

Sisi watu wa Pwani tuna ugonjwa. Tumeuza milango ya nakshi iliyofunguliwa na mababu zetu, tukaweka ya chuma. Tumetupa makasha, tumetupa barua, tukasema ni makorokoro. Kisha tunawasimulia watoto habari za ustaarabu. Ustaarabu gani, na ushahidi wake tumeupiga msasa? Mpige picha babu yako akiwa bado yumo ndani ya kitu chake. Piga picha, nakwambia tena.

Niliitegesha kama babu alivyofanya. Adhuhuri ilipofika ikagonga sita. Shangazi yangu, aliyepita miaka themanini, alikuwa katikati ya maneno. Akanyamaza, vidole vyake vikihesabu juu ya goti.

Jioni nikachukua kalamu ya risasi niandike mwezi na mwaka nyuma ya kimlango. Risasi haishiki juu ya vanishi. Nikaandika kwenye kikaratasi, nikakiweka ndani, chini ya waya wa kengele.

Kimlango cha saa yako, dada, umeshakitazama kwa ndani?