Wifi anataka Nkuhungu, mume anataka Ihumwa, kazi iko Mtumba

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mtumishi wa umma hapa Tanga, nina miaka 31. Nimepata uhamisho kwenda wizarani, Mji wa Serikali Mtumba, Dodoma, na natakiwa kuripoti mwanzoni mwa Julai. Tuna watoto wawili: mkubwa ana miaka mitano, yuko awali, mdogo ana miezi minane na bado ananyonya. Mume wangu anauza nguo sokoni, biashara atahamia nayo.

Wifi yangu anakaa Nkuhungu na ameshatutafutia nyumba ya jirani yake, vyumba vitatu kwa 150,000 kwa mwezi. Kutoka hapo hadi kazini ni daladala mbili, jumla 1,400 kwenda tu. Mume wangu anavutiwa na Ihumwa kwa sababu kuna nyumba yenye uwanja mkubwa, tena karibu na kazini kwangu. Dalali naye ana nyumba ya vyumba viwili Nzuguni kwa 200,000, daladala moja ya 600. Wote wanataka kodi ya miezi sita. Nikiikataa ya wifi, nitaambiwa nimeanza kuwatenga ndugu wa mume. Nifanyeje?

Mama wa Wawili, Tanga

JIBU

Marahaba, Mama wa Wawili. Hongera kwa uhamisho, na pole kwa hekaheka zake.

Katika barua yako kila mtu ana nyumba anayoipigia debe, ila wa miezi minane hajaulizwa, na siku yake ndiyo ngumu kuliko zenu wote. Mimi nashauri nyumba hii ya kwanza ichaguliwe kwa kumfuata yeye. Mkubwa atazoea popote penye shule, na mume wako atafika sokoni kwa saa anayoitaka. Wewe una saa ya kuripoti na una maziwa kifuani.

Tuanze na hesabu, maana 150,000 inadanganya. Nkuhungu iko upande wa magharibi wa mji. Mtumba iko mashariki, kilomita 17 hivi kutoka katikati ya mji kwa barabara ya Dar es Salaam. Kila siku utaukata mji mzima na kubadili gari. Nauli ya 2,800 kwa siku ukiizidisha kwa siku 22 za kazi inakuwa 61,600, kwa hiyo nyumba ya Nkuhungu inakugharimu 211,600. Ya Nzuguni ni 200,000 ukijumlisha nauli ya 26,400, jumla 226,400. Ile tofauti ya 50,000 imebaki 14,800, yaani haifiki 700 kwa siku ya kazi. Hapo sijahesabu bodaboda za siku ambayo gari la kwanza limejaa na saa inakukimbiza.

Sasa muda. Kazi za serikali zinaanza saa 1:30 asubuhi na kuisha saa 9:30 alasiri. Ukitokea Nkuhungu itabidi saa 12 uwe kituoni, na mtoto umwache usingizini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, za kumnyonyesha mtoto wake. Hiyo ni haki yako, iombe kwa barua wiki ya kwanza. Lakini saa mbili hizo kwa mtu wa Nkuhungu zinaishia kwenye kiti cha daladala. Ukiwa Nzuguni unaweza kukubaliana na mkuu wako uzichukue kwa pamoja na kutoka saa 7:30 mchana, na mtoto ananyonya kabla maziwa hayajaanza kukuuma.

Kwa nini basi nisikwambie uende Ihumwa, ambako ni karibu zaidi? Mume wako hajakosea, na huenda mwakani mkahamia huko. Tatizo ni kwamba maeneo ya pembeni yanayojengeka haraka hayalingani. Mtaa mmoja una bomba, taa na njia ya gari, wa pili unasubiri. Mtu anayeufahamu mji anajua achague upi. Nyinyi mnatoka Tanga hamjui. Uwanja mkubwa ni mzuri, ila mtoto akipandwa na homa saa nane za usiku, cha kwanza kitakachotakiwa ni bodaboda au bajaji itakayofika mlangoni. Nzuguni iko katikati ya kazi yako na mji, ina stendi kuu ya mabasi pale Nanenane na Soko la Job Ndugai, na mume wako ataweza kufika masoko ya Majengo au Sabasaba bila shida. Kwa wageni wenye mtoto mchanga, ndipo pa kuanzia.

Nimesema pa kuanzia. Usilipe miezi sita. Mwambie mwenye nyumba una miezi mitatu taslimu, na kama hataki, tafuta mwingine, wapo wanaokubali. Hela ya uhamisho usiimalizie kwenye nyumba ambayo hamjailala hata usiku mmoja. Na msitume pesa kwa simu "kushikilia nyumba". Dalali analipwa, kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja, siku mnaposaini mkataba na kukabidhiwa funguo. Akidai mapema, mwacheni.

Mume wako atangulie siku nne, zikiwemo siku mbili za kazi. Jumatatu saa 12:15 asubuhi asimame kituoni Nzuguni, apande hadi Mtumba, ahesabu dakika kwa saa yake: kungoja gari, safari, na kutembea kutoka lango hadi wizarani. Kipimo cha dalali cha "dakika kumi tu" ni cha pikipiki saa nne asubuhi.

Ndani ya nyumba, maji ndiyo yanayowashinda wageni wa Dodoma. Yana mgawo, na mengi yana chumvi. Aombe kwa jirani, siyo kwa mwenye nyumba, kuona birika la chai. Ukoko mweupe mzito chini yake unakwambia maji ni ya namna gani. Anawe mikono kwa sabuni aone kama inatoa povu. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakutoi chumvi, hivyo uji wa mtoto mtatengea maji mengine. Kisha aulize yanatoka siku zipi. Familia ya watu wanne yenye nepi za kufua inamaliza ndoo 12 kwa siku, lita 240. Maji yakikatika siku tano ni lita 1,200. Simtank la lita 1,000 litawaangusha siku ya tano asubuhi, la 2,000 litawavusha. Kama lililopo ni dogo, kuongeza tanki kuwe sharti kabla ya kulipa.

Umeme: luku iwe yenu peke yenu. Luku ya kuchangia na wapangaji wengine huzaa ugomvi kila mwisho wa wiki. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia luku, na hiyo ni ya mwenye nyumba. Iandikwe kwenye mkataba kwamba itapunguzwa kwenye kodi yenu.

Mtahamia kiangazi, kwa hiyo mvua hamtaiona. Inanyesha kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Aangalie chini ya kuta za nje na za majirani: mstari wa tope uliokauka, rangi iliyobambuka kwa usawa mmoja, mifuko ya mchanga iliyoachwa mlangoni. Udongo mweusi unaopasuka wakati wa jua unatuamisha maji masika. Na ninyi watu wa pwani mjiandae: usiku wa Julai Dodoma ni baridi, na upepo wa vumbi unavuma kutoka mashariki. Chumba cha mtoto kiwe upande wa pili, dirisha lifunge sawasawa, na juu kuwe na dari. Bati tupu litamchoma mchana na kumgandisha usiku.

Kuhusu wifi yako, usimjibu wewe. Mume wako ndiye azungumze na dada yake, uso kwa uso, katika hizo siku nne. Amshukuru kwanza kwa kuhangaika, kisha amweleze kwamba mama anayenyonyesha hawezi kuukata mji mara mbili kila siku. Halafu amwombe mambo mawili makubwa: afuatane naye kuikagua hiyo nyumba ya Nzuguni, na awasaidie kupata dada wa kazi mwenye kwao panapojulikana. Dada huyo afike kwako wiki mbili kabla hujaripoti, mtoto amzoee ukiwepo. Wifi aliyechagua nyumba na kuleta msaidizi hajatengwa, na wewe utamhitaji sana siku dada wa kazi akiumwa. Jumamosi muwapeleke watoto kwake bila kusubiri kualikwa.

Mkubwa mchukulieni barua ya uhamisho shuleni kwake na cheti cha kuzaliwa. Shule iwe ya kutembea kwa miguu bila kuvuka barabara kuu ya Dar es Salaam, maana malori yake hayana subira. Akikaribia darasa la kwanza, uandikishaji kwa kawaida huanza Oktoba, msingoje Januari.

Mdogo anatimiza miezi tisa wakati huo huo mnaohama, na chanjo yake ya surua na rubella ni ya miezi tisa. Atachanjwa kituo chochote cha afya cha serikali huko Dodoma, bora aende na kadi. Kadi hiyo ya kliniki isiingie kwenye lori pamoja na vyombo. Iwe kwenye mkoba wako.