Mwenzangu kazini anasema nilipewa cheo kwa rangi yangu

Barua za majuma haya zinagusa jambo moja: mtu wa kundi kubwa anayedai amenyimwa cheo ili kipewe mtu wa kundi dogo. Marekani wameuita ubaguzi wa kinyume.

Mimi ni Mkenya, nasimamia ghala Columbus, Ohio. Tangu nipandishwe cheo, mwenzangu Mzungu anatishia kuishitaki kampuni, eti nilipewa kwa rangi. Anaweza?

Anaweza, na si jambo la juzi. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inamkataza mwajiri kumbagua mtu yeyote kwa rangi, asili, dini au jinsia, bila kutaja kundi kubwa wala dogo. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya wafanyakazi wawili Wazungu waliofukuzwa kwa tuhuma za kuiba shehena, huku Mweusi aliyetuhumiwa pamoja nao akibakizwa kazini. Uamuzi kwamba sheria inawalinda Wazungu kwa kipimo kile kile uliandikwa na Thurgood Marshall, jaji wa kwanza Mweusi wa mahakama hiyo. Ndiye huyo huyo aliyekwenda London mwaka 1960, kwenye mazungumzo ya Lancaster House, akawaandalia wajumbe Waafrika wa Kenya rasimu ya haki za binadamu, akijua kuwa kesho Wahindi na Wazungu ndio wangekuwa wachache wa kulindwa.

Kwa hiyo usimchukie mwenzako kwa kuuliza. Atakayeshitakiwa ni mwajiri, si wewe. Wala usishiriki kumwadhibu kwa kulalamika, maana hilo nalo sheria inalikataza.

Nimesikia mwaka 2025 mahakama iliwarahisishia kesi hizi. Kweli?

Iliwaondolea mzigo wa ziada. Marlean Ames, mfanyakazi wa idara ya vijana ya jimbo la Ohio, alinyimwa nafasi, ikapewa mwanamke anayependa wanawake, kisha yeye akashushwa cheo na nafasi yake akapewa mwanamume shoga. Mahakama za chini zilimtaka alete ushahidi wa ziada kwa kuwa ni wa kundi kubwa, yaani la wanaopenda jinsia nyingine. Tarehe 5 Juni 2025 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walikataa sharti hilo. Uamuzi uliandikwa na Ketanji Brown Jackson. Lakini hawakusema Ames alibaguliwa. Waliirudisha kesi ikapimwe upya kama ya mtu mwingine yeyote. Wengi hukisahau kipande hiki.

Nahisi nilipitwa kwa kuwa bosi alitaka mwanamke. Nianzie wapi?

Hisia haitoshi. Tafuta tangazo la nafasi, alama za usaili, na sababu ulizopewa. Sababu inayobadilika kila ukiuliza ni ushahidi mzito. Kwa Marekani, malalamiko hupelekwa EEOC, tume ya serikali kuu inayosimamia usawa kazini, ndani ya siku 180, au 300 pale jimbo lenyewe lina chombo chake. Usingoje.

Niko Nairobi. Kampuni yetu inawapa wanawake kipaumbele. Mwanamume ashitaki?

Kipaumbele chenyewe si kosa. Katiba ya 2010, ibara ya 27, inaruhusu hatua za kuwainua walioachwa nyuma, na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, haizihesabu kuwa ubaguzi. Lakini kifungu hicho hicho kinamtwika mwajiri, si mfanyakazi, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakukuwa na ubaguzi. Mwombe meneja akuonyeshe sera hiyo kwa maandishi.