Maswali na Majibu: Mtoto mwenye usonji, tukae wapi hapa Dar?

Barua nne za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: wapi pa kukaa na mtoto mwenye usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na tabia. Tumefupisha barua na kuficha majina.

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka sita, bado haongei, na akiona upenyo anatoka mbio. Tumepanga Tabata. Mwaka huu amepata nafasi kwenye kitengo maalum cha shule ya msingi maeneo ya Ilala. Mume wangu ana kiwanja Chanika, anataka tuinue chumba na sebule tuhamie haraka, kule kumetulia na kodi hakuna. Mimi nafanya kazi Posta, katikati ya jiji. Nimkubalie? *Mama Wawili, Tabata*

JIBU: Mama Wawili, hoja ya mumeo kuhusu utulivu na kodi ina uzito. Ila amepiga hesabu ya nyumba tu, hajapiga hesabu ya wiki nzima. Kaeni wote wawili na karatasi, muandike kila safari ya mtoto kuanzia Jumatatu hadi Jumapili: shule kwenda na kurudi siku tano, kliniki, tiba ya matamshi au tiba kwa vitendo (mazoezi ya shughuli za kila siku) kama anaipata, na nani anampeleka kila safari. Kisha andikeni saa ya kuamka. Chanika ni karibu kilomita 30 kutoka Posta, na njia ni hiyo hiyo ya Gongo la Mboto, uwanja wa ndege na TAZARA ambayo kila mtu wa upande huo anaitumia asubuhi. Mtoto ataamshwa saa kumi alfajiri.

Watoto wengi wenye usonji hupata usingizi kwa shida. Anayelala saa sita usiku na kuamshwa saa kumi ataingia kwenye daladala lenye joto, watu wamebanana, muziki juu, konda anagonga bati. Akifika darasani ameshamaliza nguvu zote za siku. Mwalimu atasema amekuwa mjeuri, na nyie mtaanza kutafuta dawa ya ujeuri, kumbe ni usingizi na barabara.

Tazama pia ramani. Hospitali ya Muhimbili iko Upanga, hospitali ya CCBRT iko Msasani, shule zenye vitengo za Uhuru Mchanganyiko na Msimbazi Mseto ziko upande wa Ilala na Kariakoo, shule ya Sinza Maalum iko Sinza. Zote zimo ndani ya upinde wa Barabara za Sam Nujoma na Mandela. Ukikaa Tabata uko mlangoni mwa upinde huo. Kodi mtakayookoa Chanika, toeni kwanza nauli za watu wawili na siku za kazi utakazopoteza, halafu mwone imebaki shilingi ngapi.

Jambo la pili ni kukimbia. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta karibu nusu ya watoto wenye usonji walishajaribu kutoroka angalau mara moja baada ya kufikisha miaka minne, na hatari kubwa kwa wanaopotea ni magari na maji. Sasa fikirieni nyumba ya kuhamia kabla haijaisha, kama tulivyozoea hapa mjini: hakuna uzio, shimo la choo limefunikwa kwa mbao mbili, nondo zimechomoza, mfuko wa chokaa uko wazi ukumbini. Mtoto ambaye huweka vitu mdomoni atakula chokaa hiyo kabla hujageuka. Jirani wa karibu yuko mbali na hajamzoea mtoto. Tabata mtoto akitoka, angalau muuza chapati atapiga kelele.

Kwa hiyo ushauri wetu: msihame mwaka huu. Jengeni polepole, na mpangilio wa ujenzi ubadilike. Kwanza uzio wenye geti, pili shimo la choo na tangi la maji la chini vifunikwe kwa zege na mfuniko unaofungwa, ndipo vyumba. Kwa kawaida watu huanza na vyumba na uzio unasubiri hata miaka mitano. Kwenu hauwezi kusubiri. Wakati huohuo nenda kwa afisa elimu anayeshughulikia elimu maalum. Tabata na Chanika zote ziko chini ya Halmashauri ya Jiji, kwa hiyo ofisi ni moja. Muulize shule ipi ya upande wa Chanika ina kitengo, kisha uende mwenyewe, bila mtoto, siku ya masomo. Uliza: watoto wangapi kwa mwalimu mmoja? Walimu wangapi wamesomea elimu maalum? Nani anampeleka mtoto chooni? Geti la shule linakaa wazi au linafungwa? Mtoto akitoka darasani mbio, nani anamfuata? Swali hilo la mwisho likijibiwa kwa kucheka, ondoka.

Nafasi ikipatikana na uzio ukisimama, hameni wakati wa likizo ya Juni au Desemba. Msibadilishe nyumba na shule ndani ya wiki moja.

SWALI: Nina binti wa miaka tisa mwenye usonji. Tunaishi Mbagala nyumba ya wapangaji sita, choo cha nje. Anaziba masikio muda mwingi na usiku analia kwa sauti, wapangaji wamenichoka. Natafuta pengine. Dalali ananionyesha nyumba mchana, zote zinaonekana nzuri. Nikague nini? *Baba Binti, Mbagala*

JIBU: Baba, mchana nyumba zote ni nzuri. Dalali anakupeleka saa nne asubuhi kwa sababu baa imefungwa, watoto wako shule na fundi wa kuchomelea mageti bado hajapata oda. Nyumba unayoipenda irudie mara tatu peke yako: siku ya kazi alfajiri, Ijumaa au Jumamosi saa tatu usiku, na Jumapili asubuhi. Simama nje dakika 20, sikiliza.

Usichanganye kelele zote. Kelele inayokuja kwa saa maalum mtoto anaweza kuizoea, hata kuitumia kama saa yake. Adhana ni mara tano na nyakati zinajulikana. Unaweza kumwandaa, ukampa kitu cha kuziba masikio au ukamhamishia chumba cha ndani. Inayomvuruga ni ile isiyo na ratiba: baa inayofungulia spika ikipata wateja, jenereta ya jirani, gereji ya bodaboda, mashine ya kusaga, kigodoro kinachopigwa hadi alfajiri bila taarifa. Muulize mama wa genge pale nje, siyo dalali: "Huku kigodoro hupigwa wapi?" Atakuonyesha kwa kidole. Kelele za baa zikizidi baada ya kuhamia, anza na ofisi ya serikali ya mtaa kwa maandishi, halafu NEMC (baraza la taifa la mazingira), lakini usipange nyumba kwa kutegemea kushinda kesi hiyo.

Ukiingia ndani angalia juu. Bati lisilo na dari, mvua ya masika ikipiga, hata wewe na mkeo hamsikilizani. Kwa binti yako hiyo ni miezi mitatu ya mateso, Machi hadi Mei. Dari ya jipsamu hupunguza mlio na joto pia. Uliza kama feni ya chumba inafanya kazi na kama mita ya umeme ya LUKU ni yenu peke yenu. Mita ya kuchangia ina maana umeme ukiisha usiku, feni inazima na mnaanza kugongeana milango kuchangishana huku mtoto ameshaamka.

Choo kiwe cha ndani, hili usilegeze. Na kiwe cha aina aliyoizoea. Mtoto aliyejifunza choo cha kuchuchumaa anaweza kukataa kabisa cha kukaa, akazuia haja siku nne mpaka tumbo likavimba, na mkadhani ni ugonjwa mpya. Kama hakuna namna, anza kumzoesha kwa ndugu mwenye choo cha aina hiyo wiki kadhaa kabla. Maji nayo: mwenye mtoto anayelowesha matandiko anafua kila siku. Uliza bomba linatoka siku ngapi kwa wiki na simtanki ni ya lita ngapi. Lita 1,000 kwa wapangaji wawili zinavumilika, kwa wapangaji sita ni ugomvi.

Kisha tembea mita 300 kila upande. Unatafuta maji na barabara: mtaro wa wazi, kisima kisicho na mfuniko, shimo la mchanga lililojaa mvua, bonde linalofurika. Usimwamini anayesema "hapa hayafiki". Tazama mstari wa tope kwenye kuta za majirani.

Sasa pesa. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita, na dalali anachukua ya mwezi mmoja. Nyumba ya 250,000 kwa mwezi maana yake ni 1,750,000 siku ya kwanza. Ukiwa na mtoto ambaye huwezi kujua atapokeaje mahali papya, omba miezi mitatu hata kama kila mwezi utaongezewa kidogo. Miezi sita uliyolipia nyumba ambayo mtoto halali ndani yake hairudi.

Je, umwambie mwenye nyumba? Mwambie, baada ya kukubaliana bei na kabla ya kutoa hata shilingi. Sema wazi: "Binti yangu ana usonji, usiku mara nyingine analia, hapigwi wala haumwi." Akisita, umeokoa pesa yako. Akikubali, iandikwe kwenye mkataba kwamba unaruhusiwa kufunga komeo na grili, na kwamba notisi ya kuhama ni miezi mitatu. Mpate shahidi serikali ya mtaa. Wiki ya kwanza jitambulishe na mtoto kwa mjumbe, mwenye duka na kijiwe cha bodaboda, uwaachie namba yako. Usitoe hotuba ya kitaalamu. Inatosha: "Huyu ni wangu, akionekana peke yake msimkimbize wala msimshike kwa nguvu, nipigieni." Usipoeleza, mtaa utajieleza wenyewe, na maelezo yao huanza na mapepo.

SWALI: Tuko ghorofa ya tatu Upanga, karibu na hospitali na tiba zote. Mtoto wa miaka minne ameanza kupanda dirishani. Tuhamie nyumba ya chini? *Mama K.*

JIBU: Siyo lazima, Mama K. Eneo lenu wengine wanalitamani. Fungeni grili madirisha yote na baraza, nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 10, na nondo ziwe za wima. Fundi wengi hupenda maua na mistari ya kulala, ambayo kwa mtoto huyu ni ngazi. Ondoeni kiti, meza, ndoo na mtungi wa gesi karibu na dirisha. Mlango wa kutokea uwekeeni komeo juu, kama sentimita 170 kutoka sakafuni, pamoja na kengele ndogo inayolia mlango ukifunguka.

Ila grili moja ya dirisha iwe ya kufunguka kwa bawaba, na ufunguo ukae juu mahali pamoja ambapo kila mtu mzima anapajua, msaidizi wa nyumbani akiwemo. Moto ukiwaka jikoni, ufunguo uliomo kwenye pochi ya mama aliyekwenda kazini haufai kitu. Mkishindwa kupata kibali cha mwenye nyumba kufunga grili, hapo hameni.

SWALI: Kaka yangu ana mtoto wa miaka mitano, ameambiwa ni usonji. Ukoo unasema apelekwe kwa bibi yake Lushoto, kuna nafasi na hewa, mjini anateseka. Mimi ni shangazi yake, sijui niunge mkono upande gani. *Shangazi, Kigamboni*

JIBU: Shangazi, uliza kwanza bibi ana umri gani na anaweza kukimbia. Hatuna mzaha. Mtoto wa miaka mitano anayetoroka kwenye miteremko ya Usambara anahitaji mtu wa kumfuata, na bibi mwenye magoti yanayouma hawezi, hata awe na upendo kiasi gani.

Kijiji kina faida ambazo mjini hununui: uwanja, ukimya, ratiba ya siku isiyobadilika, binamu wa kucheza nao. Kinachokosekana mara nyingi ni tiba ya mawasiliano, na umri huu wa miaka miwili hadi sita ndio inapomsaidia zaidi. Sisi tungesema likizo ndefu kwa bibi, ndiyo. Kuhamishiwa moja kwa moja kwa sababu ukoo umechoka kuulizwa maswali, hapana. Na asiende bila mzazi kukaa naye wiki mbili za mwanzo.

Akienda, aende na godoro lake, chandarua chake, kikombe chake na shuka lisilofuliwa lenye harufu ya nyumbani. Bibi aandikiwe karatasi moja: anakula nini na anakataa nini, ishara anazotumia kuomba maji na choo, kinachomtuliza akilia. Namba mbili za simu zishonwe ndani ya kola za nguo zake, siyo kuning'inizwa shingoni, ataitupa. Akipotea, watafutaji waanzie kwenye maji yaliyo karibu, kijito au bwawa, kabla ya kwenda barabarani. Na kama ana kifafa pia, jambo linalowapata wengi wenye usonji, apewe dawa za muda wote wa kukaa na za ziada za wiki mbili, pamoja na barua ya daktari inayotaja jina la dawa na kipimo, kwa sababu kuikatisha ghafla kunaweza kurudisha degedege.