Ukikabidhiwa rundo la picha za angani na za satelaiti, anza hapa

Nyie mnaoingia sasa kwenye kazi ya kutunza picha za angani, iwe za droni, za ndege au za satelaiti, wengi mnadhani shida kubwa ni nafasi ya kuhifadhia. Nafasi ni shida kweli ila hiyo inanunulika. Kisichonunulika ni maelezo ya picha. Unakuta picha ipo, imepigwa vizuri kabisa, halafu hakuna anayejua ni ya wapi, ya lini, na kama anaruhusiwa kuitumia, basi inakaa tu kwenye diski miaka na miaka bila kumsaidia mtu. Kwa hiyo kama mtashika kimoja tu katika haya yote, shikeni hiki: maelezo yaandikwe siku ile ile picha inapoingia, aliyepiga akiwa bado anapatikana na bado anakumbuka.

Maelezo gani sasa? Eneo kwa koodineti za mipaka yake, sio jina la mahali peke yake maana majina yanajirudia sana. Tarehe na saa ya kupigwa, saa iwe ya UTC, yaani saa ya kimataifa. Chombo kilichopiga, pikseli moja inafunika ukubwa gani ardhini, mfumo wa koodineti na namba yake ya EPSG (namba ya kimataifa inayotambulisha kila mfumo), mwenye picha ni nani, na leseni. Hapo kwenye tarehe naomba muwe makini jamani, kwa sababu kuna tarehe ya kupigwa, kuna tarehe ya kuchakatwa, na kuna ile ambayo kompyuta imeibandika kwenye faili siku ulipolikopi, watu wanazichanganya kila siku. Anayefuatilia mafuriko anahitaji ya kwanza, ukimpa ya tatu atahesabu maji yalifika siku ambayo yalikuwa yameshakauka. Angalieni wenzetu wa Landsat, satelaiti za Marekani, wanavyofanya, jina la faili lao linabeba satelaiti, kiwango cha uchakataji, namba ya njia na ya safu (zinazoonyesha eneo kwenye gridi yao ya dunia), halafu tarehe ya kupigwa NA tarehe ya kuchakatwa, zote mbili, zimeandikwa mwaka kwanza kisha mwezi kisha siku. Ukiandika tarehe kwa mtindo huo mafaili yanajipanga yenyewe kwa wakati, huhitaji programu yoyote.

Ila jina la faili lisibebeshwe kila kitu. Majina yanabadilishwa, yanakatwa, mtu anaongeza "mpya" mwishoni, mwingine anaongeza "mpya_kabisa". Jina likusaidie kutambua tu, maelezo kamili yakae kwenye katalogi, yaani orodha ya picha zote na maelezo yake, nitafika huko.

Picha halisi usiiguse. Hili nalisema kwa msisitizo. Ile iliyotoka kwenye kamera au kwa mtoaji inaingia kwenye folda ya kusoma tu, unaichukulia alama ya sha256, yaani msimbo unaokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, ili kesho ujue kama imeharibika, na kazi zote unafanyia nakala. Wengi hawaoni umuhimu wa kuandika pia toleo la uchakataji lakini chukueni mfano wa Sentinel-2, satelaiti za Ulaya. Kuanzia tarehe 25 Januari 2022 walibadilisha uchakataji, toleo 04.00, namba zote za pikseli zikasogezwa juu kwa 1000. Ukitaka thamani sahihi ya mwangaza unatoa 1000 kwanza ndio unagawa kwa 10000. Sasa mtu mwenye mfululizo wa picha za 2020 mpaka 2023 ambaye hakuandika toleo, ataona ardhi yake imebadilika ghafla mwezi mmoja, na anaweza kabisa kuandika ripoti kwamba kuna kitu kimetokea wakati hakuna kilichotokea. Aliyeandika toleo anatoa 1000 na maisha yanaendelea. Ni hivyo hivyo kwa Landsat 7, kuanzia 31 Mei 2003 kifaa chake cha kusahihisha mstari kiliharibika na tangu hapo kila picha ina michirizi mitupu, karibu asilimia 22 ya data haipo. Picha hizo bado zina kazi, ila kasoro iandikwe, pamoja na asilimia ya mawingu, ili mtu asishushe faili zito halafu akakuta wingu tupu.

Tuje kwenye ukubwa, fanyeni hesabu wenyewe ndio mtaelewa. Kilomita moja ya mraba ikipigwa kwa pikseli ya sentimita 5 inatoa pikseli milioni 400, kwa rangi tatu ni kama GB 1.2 kabla hujabana. Mji wa kilomita za mraba 100 unakwenda GB 120. Kilomita hiyo hiyo moja kwenye Sentinel-2, pikseli ya mita 10, ni pikseli 10,000 tu. Kwa hiyo bajeti ya diski inaliwa na droni na ndege, na mimi naona ndivyo inavyotakiwa iwe. Sababu ni hii, hifadhi ya Landsat inaanzia 1972, imekuwa bure kwa kila mtu tangu 2008, inatunzwa na watu ambao ndio kazi yao, na Sentinel-2 nayo inapatikana bure tangu satelaiti ya kwanza iruke 2015. Hakuna haja ya kujaza diski zako na nakala ya vitu hivyo, tunza kitambulisho cha picha uliyotumia na kiungo chake. Ila ile picha ya droni ya kijiji fulani kabla ya bwawa kujengwa, hiyo duniani kote ipo kwako tu. Ikipotea imepotea.

Na kwenye droni, tunzeni zile picha moja moja zilizotoka kwenye kamera pamoja na GPS iliyomo ndani yake na faili la alama za ardhini zilizopimwa, msitunze ile picha kubwa iliyounganishwa peke yake. Programu za kuunganisha kama OpenDroneMap zinaboreshwa kila mara, picha zile zile ukizichakata upya baadaye unaweza kupata kitu kizuri zaidi. Nafasi ikibana futa mafaili ya katikati ya uchakataji, hayo yanatengenezeka tena.

Kwenye muundo wa faili sitazunguka, tumieni GeoTIFF (picha ya TIFF inayobeba koodineti zake ndani) iliyopangwa kwa ajili ya mtandao, ile inayoitwa COG. TIFF ya zamani inaishia GB 4, zaidi ya hapo lazima iwe BigTIFF, mkiona faili limegoma kuandikwa mwishoni kabisa angalieni hilo kwanza. COG ndani yake imekatwa vipande vipande vya mraba na ina nakala zake zilizopunguzwa, nusu, robo, na kuendelea, hizo nakala zote kwa pamoja zinaongeza kama theluthi moja tu ya ukubwa. Faida yake ni kwamba programu ya ramani kama QGIS inaomba kwa seva vipande inavyovihitaji peke yake. Ni kama kitabu, mtu anafunua ukurasa anaoutaka bila kubeba kabati zima. Mwenye intaneti ya kusuasua anaweza kuangalia mtaa mmoja ndani ya picha ya GB 50 bila kushusha GB 50, na kwa mtu anayetaka picha zitumike hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote. Kuitengeneza ni amri moja ya GDAL, programu huria ya kushughulikia picha za ramani: gdal_translate -of COG, kuanzia toleo 3.1.

Kubana nako kuna mambo. Picha ya kutazama kwa macho, ya rangi tatu, JPEG inatosha na inapunguza sana. Picha ya kupimia, yaani namba za pikseli ndizo zinazotumika kwenye hesabu, JPEG hapana kabisa, tumia DEFLATE au ZSTD ambazo hazipotezi kitu. Na ukitumia JPEG kumbuka kwamba ule weusi wa pembeni ambao ulikuwa sifuri utageuka kuwa moja, mbili, tatu, na ramani itaonekana ina kingo chafu. Dawa yake ni kuweka maski, yaani safu inayoonyesha pikseli zipi ni za picha na zipi ni tupu, ndani ya faili badala ya kutegemea ile sifuri.

Kuhusu mfumo wa koodineti, kila ukihamisha picha kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine pikseli zinakokotolewa upya, kwa hiyo hamisha mara moja, mwishoni, kwenye nakala. Ule mfumo wa ramani za mtandaoni, EPSG:3857, ni mzuri wa kuonyeshea lakini msipimie. Kwenye latitudo ya 60 unaonyesha umbali mara mbili ya ulivyo kweli, na eneo mara nne.

Mkiwa na vipande elfu kadhaa vya eneo moja msihangaike kuviunganisha kuwa faili moja zito. Amri nyingine ya GDAL, gdalbuildvrt, inatengeneza faili dogo la maandishi linaloelekeza kwenye vipande vyote, na programu zinaviona kama picha moja.

Sasa katalogi. Kuna utaratibu wa kuorodhesha picha unaitwa STAC, toleo 1.0.0 lilitoka 2021, na naupenda kwa sababu hauhitaji mashine kubwa. Kila picha inapata faili lake dogo la maandishi la JSON lenye mipaka, tarehe, leseni na viungo vya mafaili yenyewe, basi. Unaweza kuyaweka pembeni ya picha kwenye seva ya kawaida bila hifadhidata yoyote, na siku mkikua mnaongeza mashine ya kutafuta juu yake. Kama hata hilo ni zito kwa sasa anzeni na jedwali la kawaida lenye vichwa vile vile, kuhamisha baadaye ni rahisi. Mipaka iwe umbo halisi la picha, sio boksi, kwa sababu mruko wa droni uliopinda ukichorewa boksi unadai umefunika mashamba ambayo haukuyaona kabisa. Na picha ndogo ya kuonjesha msiache, watu wanaamua kwa macho.

Kwenye kugawana, leseni kwanza, kwa maandishi. "Tumieni tu" ya mdomo haimsaidii mtu anayeogopa mwanasheria wake. OpenAerialMap kwa mfano, hifadhi huria ya picha za angani mtandaoni, inapokea picha kwa CC BY 4.0, anayetumia anamtaja mwenye picha na anaruhusiwa pia kuchora ramani ya OpenStreetMap juu yake. Picha za makampuni ni tofauti, mara nyingi unaruhusiwa kutazama na kuchambua lakini sio kuzigawa, hizo ziwe na folda yake kabisa ambayo haijaunganishwa na mtandao wa nje, usitegemee kumbukumbu ya mtu. Halafu kuna watu waliomo ndani ya picha. Kwa pikseli ya sentimita 5 unaona ua wa nyumba, nguo zilizoanikwa, gari la nani limeegeshwa wapi. Kambi za wakimbizi, maeneo ya vita, mahali wanapolala wanyama wanaowindwa, hizo usiziweke wazi kwa kila mtu hata kama sheria haijakukataza. Waulize wanaoishi pale, punguza ukali wa picha, au chelewesha kuitoa.

Nakala za akiba ziwe tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikae jengo lingine, na mara kwa mara jaribuni kurudisha picha kutoka kwenye akiba. Mkiweka kwenye wingu, yaani seva za kukodi mtandaoni, someni bei ya kutoa data, hiyo inahesabiwa tofauti na ya kuhifadhi, na mkusanyiko ukipendwa na watu ndipo inapouma.

Mwisho, kwa wale watakaokutana na filamu za zamani za ndege. Mkiskani msikate kingo. Pale pembeni kuna alama za kamera zinazosaidia kupata kitovu cha picha, kuna namba ya picha, na mara nyingi saa, kipimo cha urefu ambao ndege iliruka na urefu wa fokasi ya lenzi. Hivyo ndivyo vinavyowezesha picha ya miaka ya 1950 kukaa sawasawa juu ya ramani ya leo. Skana ya kawaida ya ofisini inaweza kuvuta picha upande mmoja, tafuteni ya kupimia kama inapatikana. Na ramani ya mistari ambayo ndege ilipita pamoja na maandishi ya juu ya boksi, navyo vipige picha, uvipe namba ile ile ya filamu yake kabla boksi halijarudi kwenye rafu.