Tikiti maji lenye mawimbi ya ubongo

Kila muhula hakosi mwanafunzi wa kunifuata na swali lilelile: "Dada, nijifunze algoridhimu gani ya kuchambua mawimbi ya ubongo?" Anataka jina tu, akaipakue, aanze kazi. Mimi humuuliza kama mawimbi yenyewe ameshayaona. Sisemi grafu ya matokeo, nasema ile mistari ghafi, sekunde kumi kumi. Wengi hawajayaona. Siwacheki, maana na mimi nilipita njia hiyohiyo.

Nilikuwa nasoma shahada ya pili. Tulikuwa tunarekodi kwa EEG, yaani kupima umeme wa ubongo kwa ile kofia yenye elektrodi, vipande vidogo vinavyogusa ngozi ya kichwa, nami nilikuwa nafuatilia alfa: mawimbi yanayocheza mara 8 hadi 13 kwa sekunde, ambayo hupanda mtu akifumba macho, hasa kisogoni, na kushuka akifumbua. Si jambo geni. Hans Berger wa Jena, Ujerumani, aliyerekodi EEG ya kwanza ya binadamu mwaka 1924, aliyaandika kwenye ripoti yake ya 1929. Ajabu ni kwamba washiriki wangu wote walikuwa na alfa kali hata macho yakiwa wazi. Nikafurahi! Nilishaanza kutunga nadharia kuhusu uchovu wa foleni za Dar.

Msimamizi wangu hakubishana nami. Alitoka, akarudi na tikiti maji, akalivisha kofia, akatia jeli. "Haya, rekodi." Nikarekodi dakika mbili, nikazipitisha kwenye programu yangu. Tikiti lilikuwa na alfa safi kabisa, mara 10 kwa sekunde.

Kosa lilikuwa hili. Mashine ilichukua sampuli 200 kwa sekunde, yaani ilipima umeme mara 200 kila sekunde. Mafaili yalikuwa mazito na kompyuta yangu ilikuwa inahema, basi nikabakiza sampuli moja katika kila tano, zikawa 40 kwa sekunde. Sikuchuja kwanza, yaani sikuondoa mawimbi ya kasi. Umeme wa ukutani hapa kwetu hucheza mara 50 kwa sekunde, nao huingia kwenye nyaya za elektrodi bila hodi. Ukiwa na sampuli 40, huwezi kuona sawasawa kitu kinachocheza zaidi ya mara 20, lakini kitu hicho hakipotei: hujikunja na kutokea kwa sura nyingine. Hamsini toa arobaini, kumi. Ni mchezo uleule wa gurudumu la gari kwenye video, linaloonekana kuzunguka kinyumenyume huku gari linakwenda mbele.

Dalili ilikuwepo, sikuitazama. Alfa ya mtu kwenye grafu ya masafa, ile inayoonyesha nguvu ya mawimbi ya kila kasi, hutokea kama kilima chenye mabega. Yangu ilikuwa sindano. Na dawa ni rahisi: chuja kwanza kila kilicho juu ya nusu ya kiwango kipya cha sampuli, ndipo upunguze. Programu nyingi zina amri inayofanya yote mawili. Mimi nilijiona fundi, nikaandika mstari wangu mwenyewe.

Tangu hapo sitegemei algoridhimu yoyote kabla sijaipa data ambayo jibu lake nalijua, kama ile ya kufumba na kufumbua macho, na data isiyo na ubongo ndani yake. Wenzetu wa MRI, mashine ya kupiga picha za ubongo kwa sumaku, wana samaki wao. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samoni aliyekufa kwenye mashine, wakamwonyesha picha za watu, na kwa kutosahihisha hesabu za vipimo vingi kwa pamoja, ambapo vichache huonekana vya kweli kwa bahati tu, ubongo wa samaki ukaonekana "unafikiri". Vichujio vinavyopita data mbele kisha nyuma navyo ni vya kuchunga, maana huweza kusambaza tukio hadi kabla ya wakati wake: kimoja kiliwahi kunipa ubongo unaoitikia kengele kabla haijalia.

Halafu nywele. Elektrodi isipogusa ngozi vizuri, umeme wa ukutani huingia kwa wingi zaidi, na kofia nyingi hazikutengenezwa kwa nywele za kipilipili, ambazo huisukuma juu kama springi. Nimeona watafiti wakiwaacha washiriki kimyakimya kwa sababu hiyo, na inaniudhi. Marekani, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Arnelle Etienne na wenzake walibuni elektrodi zinazojibana kati ya mistari ya misuko. Sisi hatuna hizo, ila msusi tunaye. Siku mbili kabla, namtumia mshiriki mchoro kwa WhatsApp: twende kilioni, njia zipite hapa na hapa, zinapokaa elektrodi. Gharama tunalipa sisi. Kwa hiyo pesa ya msusi iandike kwenye bajeti tangu mwanzo.

Mhasibu wetu aliuliza kuna uhusiano gani kati ya ususi na sayansi. Nikamkaribisha kwenye kiti, nikamvisha kofia, nikamgeuzia kioo cha kompyuta. Akapepesa macho, na mistari yote ya mbele ikaruka mlima.

"Huo ndio ubongo wangu?"

"Hapana, kaka. Hizo ni kope. Ubongo ni ile mistari midogo uliyokuwa huioni."

Akapepesa tena, mara tatu, makusudi. Kisha akasaini.